Mtoto ajifunze kwa mikono, lakini isiwe salongo

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Butembo)



Mwezi uliopita mama mmoja aliyerudi Oicha alitusimamisha njiani: «Nyie watu wa shirika, mimi nilimtuma mtoto kwa masomo. Mbona anarudi na matope? Hii si salongo?»

Tulinyamaza, kwa sababu alisema kweli. Wakubwa hapa wanakumbuka salongo ya wakati wa Mobutu, kazi ya lazima. Wengi wetu pia tulilima shamba la mwalimu, tukaambiwa ni masomo. Na sisi, msimu wa kwanza, tulifanya karibu vile vile. Tuliwapa watoto jembe, wakapalilia, wakaenda nyumbani. Hakuna aliyeuliza swali. Ile ilikuwa kazi, haikuwa somo.

Hatukuwa wa kwanza kuanguka hapo. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule iwe na shamba, na wanafunzi washiriki kupanga na kuamua. Kwenye shule nyingi likabaki jembe tu. Mmarekani John Dewey naye aliandika mwaka 1938 kwamba si kila jambo tunalopitia linatufundisha. Ni kweli kabisa. Sisi wa Beni tumepitia mengi tangu Oktoba 2014; kama kupitia tu kungetosha, watoto wetu wangekuwa maprofesa.

Basi tukabadilisha. Chukueni kakao. Watoto wanapima kilo 50 za mbegu mbichi, wanaandika. Wanazitia kwenye sanduku la mbao, wanafunika kwa majani ya ndizi. Siku 5 au 6 zinachacha. Wanageuza, wanasikia joto kwa mkono. Halafu wanaanika juani. Wanapima tena: zinabaki kilo 20 hivi. Hapo maswali yanakuja yenyewe. Zile 30 zimeenda wapi? Nani amezila? Asilimia, ambayo ubaoni ilikuwa maneno tu, inaingia kichwani bila fimbo. Wakaendelea kuhesabu mpaka wakaona: kama mnunuzi wa mbichi hatoi angalau sehemu 2 kwa 5 za bei ya kavu, muuzaji anapoteza.

Mtoto wa yule mama akapeleka hesabu nyumbani. Mama akamjibu: «Najua. Nauza mbichi kwa sababu naogopa kurudi shambani kuigeuza, na wezi hawalali.» Kesho yake mtoto akaleta jibu hilo darasani. Likawa somo lingine, na hilo hata sisi hatukuwa tumelitayarisha. Sasa wazazi kadhaa wanaanika pamoja karibu na kituo, wanalinda kwa zamu, kama likelemba, ila hapa watu wanazungusha ulinzi.

Lakini tusijidanganye. Vituo vya kufidia masomo, vile tunaita ratrapaji, vinabana miaka 6 ya primeri katika miaka 3. Mwishoni kuna mtihani wa kitaifa, na mtihani hauulizi kakao. Kwa hiyo tumejiwekea sheria tatu. Shamba liwe karibu na kituo, mtoto asipelekwe mbali. Kila saa ya shambani irudi kwenye daftari: hesabu, Kifaransa, sayansi. Na mavuno yawe ya watoto. Pesa zishikwe na komite ya wazazi, si mwalimu wala sisi.

Wafadhili, mara nyingi mnatuuliza tumenunua madawati mangapi. Madawati tunayahitaji, aksanti. Lakini safari hii tunaomba mizani nzuri na masanduku ya kuchachisha, pamoja na siku za mafunzo kwa walimu, kwa sababu kufundisha kwa maswali ni kugumu kuliko kuandika ubaoni.

Nyie wazazi, tunaomba jambo moja. Mtoto akirudi na matope, mwulizeni: leo umejifunza nini? Akikosa jibu, njooni mtukemee.