Jamii ya Komoro, Jamii za Komoro
Mada iliyotolewa kwa wahamasishaji wa haki na amani wa parokia



Nimeombwa niseme juu ya kura ya uhuru na jinsi inavyoweza kuwagawa watu wa nchi moja. Mifano ni mingi, na iliyo mingi iko mbali nasi. Nimechagua ulio karibu, ambao nashangaa kwamba tunauzungumzia kwa nadra: kura ya maoni ya Visiwa vya Komoro ya tarehe 22 Desemba 1974. Watu wa visiwa hivyo si wageni kwetu. Lugha yao ni ndugu wa Kiswahili. Kadhi mashuhuri wa Unguja, Sayyid Ahmed bin Sumeit, alizaliwa Ngazija. Chama cha ukombozi cha Komoro, MOLINACO, kilikuwa na makao yake Dar es Salaam katika miaka ya 1960. Kwa hiyo habari hii ni ya jamaa zetu, nasi tuisikilize kwa moyo huo.

Katika semina zetu za uraia tumezoea kufundisha kwamba kura ni siri, kwamba kila mtu ana kura moja, na kwamba walio wengi ndio washindi. Mafundisho hayo ni mema. Lakini yanaruka swali lililo mbele yake, nalo ni hili: wengi miongoni mwa nani? Ni nani aliyeamua kwamba hawa wahesabiwe pamoja na wale? Mahali pengi swali hilo halisumbui mtu, kwa kuwa jibu lake linajulikana na wote. Komoro jibu lilikuwa mbili.

Visiwa ni vinne: Ngazija, Anzuani, Mwali na Maore, ambacho Wafaransa hukiita Mayotte. Ufaransa ilikipata Maore kwanza, mwaka 1841, kwa mkataba na Andriantsoly, mtawala mwenye asili ya Madagaska. Visiwa vingine vitatu viliingia chini ya ulinzi wake mwaka 1886. Baadaye vyote vinne vilitawaliwa kama koloni moja. Juni 1973 serikali ya Paris na viongozi wa Komoro walipatana juu ya njia ya kuelekea uhuru, na Oktoba 1974 Rais Valéry Giscard d'Estaing alitamka hadharani kwamba Komoro ni kitu kimoja na inafaa hatima yake iwe moja.

Watu wakapiga kura. Takriban asilimia 95 ya kura zote zilisema ndiyo kwa uhuru. Kura za hapana hazikufika 9,000, na karibu zote zilitoka kisiwa kimoja, Maore, ambako karibu asilimia 64 walikataa. Ukihesabu visiwa kwa pamoja, uhuru umeshinda pasipo shaka. Ukihesabu kisiwa kwa kisiwa, umeshinda vitatu na kushindwa kimoja. Karatasi ni zile zile, masanduku ni yale yale.

Sasa tazameni sheria iliyoitisha kura hiyo, iliyopitishwa Paris tarehe 23 Novemba 1974. Wabunge walibishana juu ya neno moja, kama liwe katika umoja au katika wingi. Kwa Kiswahili twaweza kuionyesha tofauti hiyo kwa herufi moja: je, inaulizwa jamii ya Komoro, au zinaulizwa jamii za Komoro? Sheria ilichukua wingi. Mpiga kura wa kijijini Anzuani au Maore hakuwa na habari ya herufi hiyo. Alidhani anajibu swali la uhuru, kumbe swali zito zaidi lilikuwa limekwisha kujibiwa mbali naye. Huu, kwa maoni yangu, ndio udhalimu wa kwanza katika jambo hili, nao uliwapata watu wa pande zote mbili kwa pamoja.

Matokeo yake mwayaona. Tarehe 3 Julai 1975 Bunge la Ufaransa liliweka sharti kwamba katiba ya nchi mpya ikubaliwe na kila kisiwa peke yake. Siku tatu baadaye, tarehe 6 Julai, Ahmed Abdallah alitangaza uhuru bila kuingoja Paris. Tarehe 12 Novemba 1975 Umoja wa Mataifa uliipokea Komoro kuwa nchi ya visiwa vinne. Msingi wake ni ule ule uliokubaliwa na wakuu wa nchi za Afrika mjini Cairo mwaka 1964, kwamba mipaka iliyoachwa na wakoloni isiguswe. Februari 1976 jambo likafika katika Baraza la Usalama, ambamo Tanzania ilikuwa mjumbe wakati huo, na Ufaransa ikatumia kura yake ya turufu.

Kwa upande wa sheria ya mataifa, basi, Komoro ilikuwa na hoja yenye nguvu, nami naikubali. Lakini tume ya haki na amani haiwezi kuishia kwenye sheria. Yatupasa kuuliza kwa nini watu wa Maore walikataa. Ni kosa kusema kwamba walidanganywa tu na wakoloni. Mwaka 1958 baraza la visiwa liliamua kuhamisha makao makuu kutoka Dzaoudzi, iliyoko Maore, kwenda Moroni, iliyoko Ngazija. Uhamisho ulifanyika polepole katika miaka ya 1960. Ofisi zikaondoka, na mishahara ikaondoka pamoja nazo. Tena baadhi ya watu wa Maore husema Kibushi, lugha ya asili ya Madagaska, na walijiona wanadharauliwa.

Waliosimama mbele walikuwa wanawake. Kiongozi wao mashuhuri alikuwa Zéna M'Déré. Silaha yao ilikuwa kutekenya: ofisa aliyetumwa kutoka Moroni alizungukwa na kundi la akina mama na kutekenywa mpaka akimbilie chombo chake. Twaweza kucheka, na nadhani wao wenyewe walicheka. Lakini mwaka 1969 mmoja wao, Zakia Madi, alikufa katika vurugu, na tangu hapo kicheko kilipungua. Wanawake hao hawakuwa wakiupenda ukoloni kama ukoloni. Waliogopa kutawaliwa na jirani aliye karibu mno, na woga huo haukuwa wa bure. Viongozi wa Moroni walipewa miaka mingi ya kuuondoa, wasiuondoe.

Nije sasa kwa wale ambao vitabu huwapita haraka. Kama asilimia 64 ya Maore walisema hapana, basi zaidi ya theluthi moja walisema ndiyo. Ni maelfu ya watu katika kisiwa kidogo ambamo kila mtu anamjua mwenzake. Waliotaka kubaki na Ufaransa waliitwa soroda, yaani askari. Waliotaka umoja na visiwa vingine walipewa jina la Kifaransa lenye maana ya wapeana mikono. Majina hayo yaliingia majumbani. Mpeana mikono alikuwa mmoja wa wengi alipohesabiwa pamoja na Komoro nzima, lakini ndani ya kijiji chake alikuwa mmoja wa wachache.

Tarehe 8 Februari 1976 Ufaransa iliitisha kura nyingine, safari hii Maore peke yake. Waliotaka kubaki na Ufaransa walikuwa asilimia 99.4. Jiulizeni: ile theluthi moja ilikwenda wapi katika muda wa miezi kumi na minne? Wengine huenda walibadili mawazo kwa haki kabisa, maana tarehe 3 Agosti 1975, kabla uhuru haujatimiza mwezi mmoja, Ali Soilih na wenzake walikuwa wamempindua Ahmed Abdallah, na hilo lilitosha kumtia mtu shaka. Lakini wengine walisumbuliwa, na wako waliofukuzwa kisiwani kwa sababu tu ya upande waliokuwa. Theluthi nzima ya watu haiyeyuki kwa hoja peke yake.

Mimi matokeo ya namna hiyo hunitisha, yakitoka Maore au yakitoka kule Ngazija na Anzuani, ambako mwaka 1974 sauti ya hapana karibu haikusikika kabisa. Binadamu hawakubaliani kiasi hicho hata juu ya mahali pa kuchimba kisima. Mkiona sanduku lina jibu moja tu, msiishie kuhesabu karatasi, waulizeni walionyamaza. Hiyo ni kazi ambayo jumuiya ndogo ndogo zinaweza kuifanya kuliko wasimamizi wa uchaguzi, kwa kuwa zinajua ni nyumba gani imefungwa na ni jirani gani hasalimiwi tena kisimani.

Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, alizitetea jamii zilizo chache ndani ya dola, akasema ni dhuluma kuzikandamiza. Lakini aliongeza jambo ambalo watetezi wa wachache hupenda kulisahau: kwamba wachache nao huweza kuzikuza mno tofauti zao hata wakaziweka juu ya yale yanayowaunganisha na watu wengine. Sehemu zote mbili za fundisho hilo zinaihusu Komoro. Moroni haikusikia ya kwanza. Na Maore, ilipokuwa imekwisha kushinda, haikusikia ya pili, kwa maana iliwatendea wachache wake kama ilivyoogopa kutendewa.

Mlango uliofunguliwa kwa kisiwa kimoja haukufungika kwa urahisi. Mwaka 1997 Anzuani ilitangaza kujitenga na Moroni, na wako viongozi wake waliotaka kurudi chini ya Ufaransa kama ndugu zao wa Maore. Safari hii Paris ilikataa. Kwa hiyo kuhesabu kisiwa kwa kisiwa kulikuwa haki mwaka 1974, na mwaka 1997 hakukuwa haki tena. Anayetaka kujua kama kanuni inafuatwa kwa ajili ya watu au kwa ajili ya maslahi, na alinganishe miaka hiyo miwili. Katiba mpya ya Desemba 2001 ilileta Muungano ambao urais wake ulizunguka kutoka kisiwa hadi kisiwa, mpaka mpango huo ulipogeuzwa mwaka 2018. Wala mgogoro haukuishia kwenye karatasi: Machi 2008 askari wa Umoja wa Afrika, wakiwamo wa Tanzania, walitua Anzuani kumwondoa Mohamed Bacar aliyeng'ang'ania madaraka. Naye alikimbilia wapi? Maore.

Tarehe 29 Machi 2009 watu wa Maore waliulizwa kama wanataka kuwa mkoa kamili wa Ufaransa, na asilimia 95 wakakubali. Mwaka 2011 wakawa mkoa. Sidhani twaweza kuwalaumu. Walitazama mapinduzi ya visiwa jirani, wakatazama hospitali na shule zao, wakachagua. Hata hivyo, mwaka 2018 watu watatu kati ya wanne kisiwani humo walikuwa bado chini ya kiwango cha umaskini cha Ufaransa.

Gharama kubwa zaidi inalipwa baharini. Mpaka mwaka 1995 mtu wa Anzuani alivuka kwenda Maore kumwona dada yake, kuuza kuku, au kuhani msiba, bila kuulizwa karatasi. Mwaka huo Ufaransa iliweka sharti la viza. Tangu hapo watu huvuka usiku katika boti ndogo ziitwazo kwasakwasa, jina lililotoka kwenye ngoma ya Kongo, zikiwa zimejaa kupita kiasi. Taarifa ya Seneti ya Ufaransa ya mwaka 2012 ilitaja makadirio ya waliokufa kati ya 7,000 na 10,000. Hao ni wengi kufikia idadi ya kura zote za hapana zilizopigwa mwaka 1974.

Wanaofika salama huishi kwa kujificha. Hesabu ya watu ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba karibu nusu ya wakazi wa Maore walikuwa raia wa nchi nyingine, na wengi wao walitoka visiwa jirani. Kimbunga Chido kilipopiga tarehe 14 Desemba 2024, vibanda vyao vya mabati ndivyo vilivyokuwa vya kwanza kung'olewa. Katiba ya Komoro inakitaja kisiwa hicho kuwa chake, na katiba ya Ufaransa inakitaja vilevile kuwa chake. Kati ya Anzuani na Maore pana bahari ya kilomita 70 hivi. Watu wa visiwa vinne hawajaulizwa tena swali lolote kwa pamoja tangu ile Desemba ya 1974.