Mtoto Anafuata Macho ya Mama Yake

Mafundisho kwa wamama wa Katogota, siku ya kupima watoto



Leo hatutaongea juu ya kilo wala juu ya uji. Tutaongea juu ya macho. Siyo ugonjwa wa macho, ila namna mtoto anavyojifunza kujua mtu mwingine anaangalia wapi.

Mama amekaa mbele ya nyumba, anachagua mchele. Mtoto yuko kwenye magoti yake. Lori linapita kwenye barabara ya Uvira. Mama anainua kichwa, na mtoto naye anageuka. Hakuna aliyemwambia, "Angalia!" Amemfuata mama tu.

Jambo hili ni dogo, lakini linamsaidia sana mtoto kujua kusema. Ukisema "mbuzi", atajuaje kama jina hilo siyo la mti au la kuku? Anatazama kwanza macho yako yanaenda wapi.

Mwaka 1975 wataalamu wawili, Scaife na Bruner, waliandika kwamba mtoto anaanza kumfuata mtu mkubwa hivi mbele ya kumaliza mwaka mmoja. Wengine walichunguza zaidi, na leo tunajua hatua zake:

Miezi 2: anaangalia uso wako na kukuchekea.

Miezi 6: ukigeuza kichwa, anageuka upande ule ule, lakini hajui bado ni kitu gani unachoangalia.

Miezi 9: anafuata kichwa chako hata kama umefunga macho.

Mwaka 1: anaanza kufahamu kwamba macho ndiyo yanaona. Ukifunga macho, hakufuati sana. Anaanza pia kuonyesha kwa kidole.

Miezi 18: ukiangalia kitu kilicho nyuma yake, anageuka kukitafuta.

Watoto hawalingani. Mmoja anatangulia, mwingine anachelewa kidogo.

Namna ya kumsaidia haiombi feza. Ukimnyonyesha, mwangalie usoni. Akiangalia kuku, wewe pia angalia kuku, useme, "Kuku!" Usimvute mbio kwa kitu kingine. Mtoto aliye mgongoni haoni macho yako, basi mkifika sokoni, mshushe kidogo, umwonyeshe: "Ona, ndagala!"

Sasa sikilizeni vizuri. Kama mtoto amefika miezi 18, hafuati macho yako, haonyeshi kwa kidole, ao hageuki ukimwita jina, mlete kwa muganga. Usingoje. Labda haoni vizuri. Labda masikio yake yalitoka usaha na hasikii. Labda aliwahi kushikwa na malaria kali iliyopanda kichwani. Tena kuna watoto wanaoona na kusikia vizuri, lakini akili yao inakua kwa njia nyingine. Hao wanahitaji kufundishwa kwa uvumilivu, na kuanza mapema kunasaidia.

Siyo ulozi, mama. Siyo kosa lako. Kuna wamama wanaomficha mtoto kama huyu ndani ya nyumba kwa sababu ya haya. Lakini mtoto aliyefichwa, atafuata macho ya nani?

Tuulizane mbele ya kuachana:

1. Mtoto wa mwaka mmoja anafanya nini ukiangalia mbuzi?
2. Ukiwa na mtoto mgongoni, utamsaidia namna gani?
3. Mtoto gani tumlete bila kungoja?

Mkifika nyumbani, jaribuni na watoto wenu, na siku ya kipimo kingine mtatuelezea mliyoona.