Jua Lililofichwa na Mlima Bado Halijatua

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini mjini Morogoro)



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumwombea rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), napenda kuzungumza nanyi kwa ufupi juu ya jua na sayari zake. Huenda mtu akauliza: mambo haya ya fizikia yanahusu nini msikitini? Jibu lake ni jepesi. Sala zetu tano zimefungamana na mwendo wa jua, na saumu yetu huanza alfajiri na kumalizika jua linapotua. Mwenye kufuturu ilhali jua lingali juu ya upeo wa macho, ameiweka hatarini kazi ya mchana mzima. Nasi wakazi wa Morogoro tunaishi pembeni mwa milima ya Uluguru, mahali ambapo macho yaweza kumdanganya mtu kwa urahisi. Kwa hiyo nimechagua maswali manne ambayo huulizwa mara kwa mara.

Swali la kwanza: Je, ni jua linalotuzunguka, au ni dunia inayozunguka?

Dunia hujizungusha yenyewe kutoka magharibi kwenda mashariki, mara moja kila siku. Ndiyo maana jua huonekana likichomoza mashariki na kutua magharibi. Pamoja na hayo, dunia hulizunguka jua kwa mwaka mmoja, ikienda takriban kilometa 30 kwa kila sekunde. Wala jua lenyewe halikusimama. Nalo linasafiri pamoja na sayari zake zote nane kukizunguka kitovu cha kundi letu la nyota.

Wengine huuliza: kwa nini basi sayari haziangukii jua? Mfano wake ni jiwe lililofungwa kwenye kamba na kuzungushwa. Kamba hulivuta jiwe ndani, na mwendo hulipeleka mbele. Kamba ikikatika, jiwe litakwenda zake. Mwendo ukikoma, litaanguka. Mvutano wa jua ndio kamba hiyo, na kila sayari imepewa mwendo unaolingana na mahali pake. Zuhura, ambayo tunaiona iking'aa jioni au alfajiri, hulizunguka jua kwa siku 225, na Mushtarii kwa takriban miaka 12.

Sasa tazameni jinsi elimu hii inavyotufaa. Dunia hugeuka nyuzi 15 kwa saa moja, yaani uzio mmoja kwa dakika 4. Dar es Salaam na Morogoro zipo karibu katika mstari mmoja wa mashariki na magharibi, na umbali kati yao ni zaidi kidogo ya uzio mmoja na nusu. Basi jua hutua Dar es Salaam takriban dakika 6 kabla ya kutua kwetu, na tofauti hiyo haibadiliki sana mwaka mzima. Mtu wa Morogoro anayefuturu kwa adhana ya Dar es Salaam anayoisikia redioni, anafuturu kabla ya wakati. Redio haikukosea, imetangaza wakati wa watu wake.

Swali la pili: Kilele cha mlima kipo karibu zaidi na jua, mbona huko juu kuna baridi?

Jua lipo umbali wa takriban kilometa milioni 150 kutoka kwetu. Mji wetu upo karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Lupanga kinapita mita 2,100. Mtu aliyepanda hadi kileleni amelikaribia jua kwa kilometa moja na nusu tu katika milioni 150. Hicho si kitu. Hewa yetu hupata joto lake zaidi kutoka ardhini iliyopigwa na jua. Kadiri inavyopanda, hewa hutanuka na kupoa, kwa wastani kiasi cha nyuzi 6 za joto kwa kila mita 1,000. Ndiyo sababu watu wa Mgeta hulima mboga za nchi za baridi ilhali sisi huku chini tunatoka jasho.

Wala msidhani kwamba baridi ya Juni na Julai inatokana na jua kuwa mbali. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa Julai dunia huwa mbali zaidi na jua, kilometa milioni 152, na mwanzoni mwa Januari huwa karibu zaidi, kilometa milioni 147. Lakini Julai hiyo hiyo watu wa Ulaya wamo katika joto la kiangazi. Sababu ni kuinama kwa mhimili wa dunia kwa nyuzi 23 na nusu hivi, ambako huufanya upande mmoja ulielekee jua na mwingine uinamie mbali nalo.

Swali la tatu: Jua likipita nyuma ya mlima, je, limetua?

Ndugu zangu, hapa nawaomba mzingatie sana. Vijiji vya upande wa mashariki wa Uluguru, kama vile Kinole na Matombo, vina mlima upande wa magharibi. Jioni jua huingia nyuma ya mlima na bonde huwa na kivuli. Lakini wakati huo huo watu wa mjini na wa Mvomero bado wanaliona likiwaka. Kutua kwa jua ni kuzama chini ya upeo wa dunia. Kufichwa na mlima ni jambo jingine, sawa na kufichwa na wingu au ukuta wa nyumba.

Kipimo chake ni rahisi. Nyosha mkono mbele yako na ukunje ngumi: upana wa ngumi ni takriban nyuzi 10. Katika nchi yetu jua hushuka karibu wima. Basi mlima uliopanda juu ya upeo kwa kiasi cha ngumi moja hulificha jua takriban dakika 40 kabla ya kutua kwake. Angalieni ukubwa wa kosa hilo!

Je, mtu wa Kinole asiye na saa afanyeje? Ageuke atazame mashariki. Wanazuoni wetu tangu zamani wametufundisha kuangalia giza linalopanda kutoka upande huo, na fizikia inatueleza giza hilo ni nini: ni kivuli cha dunia yenyewe juu ya anga. Jua likishatua, utepe wa rangi ya buluu iliyokolea huanza kuinuka kutoka upeo wa mashariki, na juu yake huonekana wekundu hafifu. Msikichanganye na kivuli cha mlima, ambacho hutambaa ardhini mapema zaidi. Ajabu ya hekima ya Mwenyezi Mungu ni kwamba wale walionyimwa magharibi na mlima wamefunguliwa mashariki, hadi tambarare za kuelekea pwani.

Na aliye juu mlimani asifuate aliye bondeni. Mtu aliye kilele cha Lupanga huendelea kuliona jua kwa takriban dakika 5 baada ya kutua kwa walio chini tambarare. Kwa sababu hiyo hiyo, mwaka 2011 wanazuoni wa Dubai waliwaelekeza wakazi wa ghorofa za juu za jengo la Burj Khalifa wachelewe kufuturu kwa dakika 2 au 3. Naye mwanazuoni al-Biruni, katika karne ya 11, alipanda mlima, akapima jinsi upeo wa macho unavyoshuka chini ya usawa wa jicho lake, na kwa hesabu hiyo akapata ukubwa wa dunia kwa kipimo kilichokaribia sana cha leo. Mlima uliowatatiza wengine, kwake ulikuwa chombo cha elimu.

Swali la nne: Kivuli kinatuonyeshaje Adhuhuri na Alasiri?

Saa zetu za Tanzania hufuata mstari uliopo mashariki ya mbali na pwani yetu. Kwa hiyo hapa Morogoro jua hufika katikati ya anga, kwa wastani, karibu saa sita na nusu mchana, wala si saa sita kamili. Karibu na tarehe 3 Machi na tarehe 10 Oktoba hupita utosini, na kijiti kilichosimama wima hukosa kivuli. Lakini mwishoni mwa Juni, kijiti cha mita moja huwa na kivuli cha sentimeta 58 kuelekea kusini wakati huo huo wa katikati ya mchana. Kivuli hicho lazima kiongezwe katika hesabu ya Alasiri. Anayengoja tu kivuli kilingane na kijiti, bila kuongeza, katika mwezi huo ataadhini takriban saa nzima kabla ya wakati.

Ndugu zangu, Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa, na watu wakadhani ni kwa sababu ya msiba huo. Yeye, pamoja na huzuni yake, aliikataa dhana hiyo na akawaelekeza kwenye sala. Basi nasi tusiyaendeshe mambo ya mbingu kwa dhana. Kila msikiti usimike kijiti uani, uwe na ratiba iliyohesabiwa kwa mahali pake, na vijana wafundishwe kuipima. Kulinda nyakati za sala ni amana iliyo shingoni mwetu.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu na azikubali saumu na sala zetu. Amin.