Miaka Sabini ya Yeremia: Jumuiya Zetu na Mgonjwa wa Muda Mrefu katika Kata za Pembezoni mwa Dar es Salaam

 

Barua ya mwaliko wa semina hii ilinipa mada ya ustahimilivu wa Kikristo katika majira marefu ya shida, ikanielekeza nianze na maana, nifuate na misingi ya Biblia, nieleze changamoto, nimalizie na mapendekezo. Nitatii, ila sehemu ya maana nitaipita haraka, kwa kuwa viongozi wa makanisa waliokaa humu wamefundisha subira katika madarasa ya kipaimara na semina za ndoa hadi sauti zikakauka. Itoshe kusema kwamba nazungumzia hali ya mtu kubaki na Mungu wake, na kubaki na kanisa lake, pale shida inapokuwa haina tarehe ya kwisha. Kiharusi kilichoingia mwaka wa 6. Figo zinazosafishwa kwa mashine mara 3 kwa wiki. Mtoto wa selimundu. Mzee aliyesahau majina ya wanawe. Mimi ni muuguzi mstaafu, theolojia nawaachia wenyewe, na ninayoyasema ni yangu. Yasichukuliwe kuwa msimamo wa ofisi yoyote niliyowahi kuitumikia.

Kwa misingi ya Biblia naomba tusiende kwa Ayubu, kwa sababu kila semina huenda kwa Ayubu. Twende Yeremia sura ya 28 na ya 29. Nabii Hanania alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba ndani ya miaka 2 Mungu atavirudisha vyombo vya hekalu pamoja na mateka waliopelekwa Babeli. Akaichukua nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, akaivunja watu wakiona. Sidhani kama kuna aliyemzomea. Yeremia mwenyewe alianza kwa kusema amina, Bwana na afanye hivyo. Lakini alipowaandikia wale mateka, barua yake ilikuwa nzito kuisoma: jengeni nyumba mkae, pandeni bustani, oeni na kuozesha, uombeeni mji mliohamishiwa, maana itakuwa miaka 70. Wengi waliosomewa barua hiyo walijua hapo hapo kwamba watafia ugenini.

Hanania tunaye hadi leo, na mara nyingi ni mtu mwema. Tunamwona kila tarehe 31 Desemba kwenye mkesha, mwaka mpya unapopewa jina: mwaka wa kuvuka, mwaka wa kurejeshewa, mwaka wa milango kufunguliwa. Jina linachapishwa kwenye fulana na kwenye bango la getini. Anayemuuguza mumewe kule Yombo Vituka anainunua fulana hiyo. Mwaka unaisha hajavuka, na anaanza kujiuliza ana dhambi gani iliyofunga mlango. Sina ugomvi na kumwombea mgonjwa apone. Yakobo ameagiza wazee waitwe, wamwombee na kumpaka mafuta, na wazee wasiokwenda ndio wenye kesi ya kujibu. Ugomvi wangu ni na tarehe. Anayepewa tarehe ya muujiza halafu tarehe ikapita hupoteza vitu viwili, tumaini lake na ujasiri wa kurudi kwa aliyempa tarehe ile.

Tuliliona hili kwa ukubwa wa taifa mwaka 2011. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, aligawa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 kijijini Samunge, Loliondo, na magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi. Kutoka jiji hili watu walikwenda, wengine wakiwa na wagonjwa mahututi. Wako waliorudi wakaacha dawa za kufubaza virusi, wengine wakaacha insulini. Marehemu Babu ameshapumzika, na sipendi kumsema mtu asiyeweza kujibu. Lakini ninyi viongozi mnaijua kazi iliyofuata, ya kuwatafuta wale walioona aibu kurudi kliniki kwa sababu walikwisha kutoa ushuhuda madhabahuni. Aibu hiyo ilikuwa ngumu kutibu kuliko virusi vyenyewe.

Upo mfano mwingine, wa watu waliohudumu bila kumpa mtu tarehe, na uko hapa hapa Temeke, wala hauhitaji safari ya Loliondo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na Serikali mwaka 2004. Hesabuni wenyewe miaka iliyo katikati. Ndani ya miaka hiyo, mwaka 1992, kikundi kidogo cha watu walioishi na virusi kilianza kukutana Chang'ombe ili kutiana moyo, na Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam likakipa hifadhi. Huo ndio mwanzo wa PASADA, huduma ya jimbo hilo kwa wenye virusi. Fikirini maana ya kuanzisha huduma mwaka ule. Hapakuwa na cha kuahidi. Waliojitolea kwenda majumbani walikuta vidonda, kuharisha, utando mweupe mdomoni, na ndugu waliotenga sahani na kikombe cha mgonjwa. Walikwenda na sabuni, glavu zilipopatikana, uji, na sala. Wiki iliyofuata wakarudi nyumba ile ile. Dawa zilipofika, mtandao wa watu wanaoijua nyumba na anayelala chumba cha uani ulikuwa umekwisha kujengwa. Hao walikuwa wameisoma barua ya Yeremia, hata kama hakuna aliyewasomea.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niukubali mwaliko huu, na Mwenyekiti anivumilie nikizidisha dakika.

Kila jumuiya ina daftari, na aghalabu yako kadhaa: la zaka, la ujenzi, la mahudhurio. Mhazini anaweza kukutajia bila kufungua ukurasa nani anadaiwa elfu 10 ya mabati. Muulize nani hajatoka kitandani tangu Pasaka ya mwaka juzi, ataitazama dari. Daftari la wagonjwa wa muda mrefu halipo, na kwa kuwa halipo, mgonjwa hupotea kwa hatua ambazo hakuna mtu mmoja anayeweza kulaumiwa nazo.

Mwezi wa kwanza jumuiya huwaka. Kunafungwa, kunakeshwa, bahasha inapelekwa, kundi la wasapu linajaa mikono iliyokunjwa. Mwezi wa tatu wamebaki majirani wawili. Kisha mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, na fedha ilikwisha kwenye vipimo. Familia inahama: aliyekuwa Tandika anaenda Chamazi au Mbande, aliyekuwa Mwananyamala anaenda Bunju au Mabwepande, kokote chumba kinakopungua bei. Jumuiya zetu zimepangwa kwa makazi. Ile ya zamani inasema amehama. Ile mpya inasema hajajitambulisha, na ili ajitambulishe anatakiwa barua, na ili apewe barua anatakiwa awe amekamilisha michango ya kule alikotoka. Na huyo anayetakiwa kuifuata barua ndiye anayemgeuza mgonjwa kila baada ya saa 2 asipate vidonda vya mgongo, ndiye anayebadilisha pampasi na kuangalia mpira wa mkojo, na Jumamosi alfajiri, jumuiya inapoanza tenzi, ndiye anayekaanga vitumbua vya kwenda kuuza ili zipatikane nauli za kliniki. Daftari la mahudhurio linamwandikia alama ya kutokuwepo. Baada ya mwaka anaitwa mlegevu wa imani.

Halafu mgonjwa anafariki, na hapo daftari hufunguliwa. Jina linatafutwa ili ijulikane kama marehemu alikuwa mshiriki hai, na ibada ifanyike wapi. Mtu ambaye hakuna aliyekwenda kumhesabu akiwa anapumua anahesabiwa akiwa kwenye jeneza. Kuhusu suala hili nimeziandikia ngazi mbalimbali kwa miaka, na kila mara nimejibiwa kwa upole kwamba linafanyiwa kazi. Naushukuru upole huo.

Nisieleweke vibaya. Najua mchungaji mmoja ana mitaa mingi, na jumuiya zinaongozwa na watu wanaojitolea ambao nao wana wagonjwa nyumbani. Najua pia utaratibu wa barua uliwekwa kwa sababu nzuri, maana mji huu una watu wanaozunguka makanisani kuomba misaada kwa majina matatu. Lakini yule mtu wa Bethzatha, aliyeugua miaka 38, alipoulizwa kama anataka kuwa mzima hakujibu ndiyo wala hapana. Alisema hana mtu wa kumtia birikani. Miaka yote hiyo, katikati ya umati, kando ya hekalu. Tunapomhubiria ustahimilivu mtu wa namna hiyo tunamtwisha peke yake mzigo ambao ulipaswa kugawanywa kwa zamu.

Ndiyo maana mapendekezo yangu ni mengi na mengine yanafanana.

Kila jumuiya iwe na daftari la wagonjwa wa muda mrefu na wanaowauguza, likae kwa mtu mmoja anayejulikana, na lisichanganywe na la fedha. Daftari hilo lisomwe kila mwezi kwenye kikao, kabla ya taarifa ya ujenzi. Narudia, kabla ya taarifa ya ujenzi, kwa kuwa baada yake watu huwa wameshaanza kuaga.

Mgonjwa anapohama, jumuiya anayotoka ndiyo ipige simu kwa jumuiya anayokwenda. Asitumwe yeye wala anayemuuguza. Deni la michango lisizuie simu hiyo. Hili linaweza kuamuliwa na baraza la parokia au la usharika bila kusubiri waraka wa juu.

Anayeuguza aandikwe kuwa yupo kwenye huduma, asiandikwe kuwa hayupo. Jumuiya isali nyumbani kwake walau mara moja kwa mwezi, ifike saa anayoiweza yeye, na kabla ya kusali mtu mmoja ashike beseni. Wanawake Wakatoliki (WAWATA), umoja wa akina mama wa sharika na vijana wapeane zamu ya saa 3 kwa wiki ili huyu mtu alale. Usingizi wa saa 3 umemrudisha kanisani zaidi ya mtu mmoja ninayemjua, baada ya mahubiri kushindwa.

Ushuhuda madhabahuni usiwe wa waliopona tu. Zaburi ya 88 inaishia gizani, haigeuki kuwa shukrani, na waliokusanya Zaburi hawakuiondoa. Apewe nafasi mtu anayesema bado, naumwa, na nipo. Asimamishwe na mchungaji mwenyewe, ili waumini waone kwamba ameruhusiwa.

Hakuna mhudumu, mwinjilisti wala kikundi cha maombezi kitakachomwambia mtu aache dawa. Wapo wanaodai hili halihitaji kuandikwa. Baada ya 2011 linahitaji kuandikwa, na kubandikwa mlangoni mwa chumba cha maombezi. Na majina ya miaka kwenye mikesha nayaacha kwa busara ya wachungaji, nikiomba tu kwamba asiwekewe mtu tarehe.

Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii inaziunganisha Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT) na Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania (TEC) tangu 1992. Wawakilishi waliopo waone kama fomu moja ya kumpeleka mgonjwa kutoka hospitali hadi jumuiya, bila kujali dhehebu, inawezekana kwa wilaya za Temeke na Kinondoni kwanza. Muuguzi wa wodi ya Temeke au Mwananyamala anayemruhusu mgonjwa wa kiharusi aende nyumbani hana namba ya kumpigia mtu yeyote kule mtaani.

La mwisho linahusu daftari tena. Mwenyekiti, nimeweka karatasi tupu kwenye kila meza. Naomba tusiende chai kwanza. Kila jumuiya iandike majina ya wagonjwa wake wa zaidi ya mwaka mmoja, na mbele ya kila jina, mtaa anakoishi sasa. Jumuiya itakayoshindwa kuandika mtaa iache nafasi wazi, na karatasi hiyo ibaki kwa katibu wa semina hadi mkutano ujao.