Umelipia, Lakini ni Chako?

Msikilizaji, Machi 31, 2024, kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilizima seva za The Crew, mchezo wa video wa mbio za magari uliotoka mwaka 2014. Hata wenye diski mkononi hawakuweza tena kuucheza, kwa sababu haukufunguka bila kuunganishwa na seva hizo kwa intaneti.

Kwa nini jambo hili likuhusu wewe usiyecheza? Kwa sababu ndivyo tunavyonunua siku hizi filamu na vitabu vya kidijitali pia: unalipa bei kamili, unapewa ruhusa ya kutumia tu. Diski ya zamani uliweza kuiazimisha, kuiuza, hata kumwachia mwanao.

Kwa upande wa pili, kampuni zinasema seva zina gharama na haziwezi kuendeshwa milele. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mteja hakuambiwa siku ya mwisho ya huduma alipotoa fedha zake, na hilo si haki. Katika jimbo la California, Marekani, tangu Januari 2025, sheria inataka muuzaji wa bidhaa za kidijitali aseme wazi kwamba anauza leseni. Ni hatua, ingawa onyo halirudishi mchezo uliozimwa.

Swali ninalokuachia: kampuni ikichoka na ulichokilipia, ikurudishie fedha, au ikuachie njia ya kuendelea kukitumia bila kuitegemea?