Mafua Yasiyokwisha: Maneno Machache kwa Wafanya Kazi wa Makupa



Tumetakiwa tuseme machache juu ya ugonjwa ambao wengi wetu twaupuuza, nao ni mafua yanayoingia usoni yakakaa. Madaktari huuita sinusitis. Sisi watu wa reli twafanya kazi penye vumbi la kokoto, moshi wa dizeli na moshi wa kuchomelea vyuma, kwa hiyo yatupasa tuujue.

Ndani ya mifupa ya uso mna mapango madogo yenye hewa: katika paji, nyuma ya mashavu, kati ya macho, na mengine nyuma zaidi ya pua. Kila pango lina tundu jembamba la kutolea ute puani. Mtu akishikwa na mafua, au akivuta vumbi na moshi, utando wa ndani huvimba na tundu huziba. Ni kama njia ya reli iliyofungwa: mabehewa yote husimama nyuma. Ute ukisimama, vijidudu vyaweza kuzaana humo.

Dalili zake ni hizi: pua kuziba, kamasi nzito, kutosikia harufu, uso kuwa mzito na kuuma hasa mtu akiinama, na pengine meno ya juu kuuma. Kamasi ikiwa ya kijani, hiyo peke yake si ushahidi wa bakteria.

Sasa sikilizeni sana. Mara nyingi chanzo ni virusi vya mafua, na dawa za kuua bakteria haziviwezi. Wengi hupata nafuu kabla ya siku 10. Lakini twawaona wenzetu wakinunua vidonge vinne vya amoksilini dukani, wameze viwili, viwili waweke. Huko ni kutupa fedha, tena ni kuwazoeza bakteria kuishinda dawa. Siku itakapohitajika kweli, haitafaa kitu.

Tufanye nini basi? Tupumzike, tunywe maji, tumeze parasetamoli kwa kipimo chake. Tusafishe pua kwa maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika robo lita ya maji. Maji hayo lazima yachemshwe kisha yapoe, yawe ya bomba, ya kisima au ya mkokoteni, maana vimo viumbe vya maji visivyodhuru tumboni ambavyo vikipita puani vyaweza kuua. Dawa ya kupulizia ya kuzibua pua isizidi siku 3 hadi 5, la sivyo pua huzidi kuziba. Sigara iachwe. Na moto wa makaa usiwekwe chumbani tulalamo.

Nenda kwa daktari ikiwa siku 10 zimepita bila nafuu, au ulipata nafuu kisha ukazidiwa, au una homa kali na usaha kwa siku 3 au 4. Akikupa dawa, imeze kama alivyoagiza. Jicho likivimba, ukiona vitu viwili viwili, shingo ikikakamaa au akili ikichanganyika, usingoje kuche. Nenda Hospitali Kuu ya Pwani saa ile ile.

Wako wanaosema, "Nikilala nyumbani, watoto watakula nini?" Jibu limo katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo ana haki ya siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Sharti ni kumjulisha mwajiri mapema na kuleta cheti cha daktari. Basi usiondoke hospitali bila cheti.

Tena Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga panapo hatari, na penye wafanya kazi 20 au zaidi iwepo kamati ya usalama. Kitambaa kilichofungwa usoni si kinga ya kutosha kwa vumbi la mawe. Kila kikundi kimchague mtu wa kupeleka neno hili la barakoa katika kamati, liandikwe, na jibu lirudi kwetu. Mtu mmoja akiomba huambiwa ni mlalamishi. Tukiomba sote ni shauri la kazi.