Mama, Keti Ule Pamoja na Watoto

(Muziki unashuka.)

Wasikilizaji wetu wa Bwagiriza, Kavumu, Kinama, Musasa na Nyankanda, pamoja nanyi mlio hapa mjini Bujumbura, ninaongea nanyi kutoka Kinindo. Leo maneno yangu ni kwa mama zetu wenye miaka 40 na zaidi. Najua mimi ni mtoto wenu, na mtoto hamfundishi mama kula. Mnisamehe, nipeni dakika chache tu.

Mwaka jana mama yangu alianguka kwenye mstari wa kupokea chakula. Watu walidhani ni jua. Usiku akaniambia ukweli: ilikuwa siku ya tatu anakunywa chai tu. Kikwembe kilikuwa kimeanza kumbana tumboni, na jirani mmoja alikuwa amesema pale bombani, "Huyu anakula posho ya nani?" Posho tunayopokea ni ileile kwa wote. Lakini neno lile lilimuuma mama kuliko njaa yenyewe.

Kule kwetu Fizi mwanamke akinenepa walisema ametunzwa vizuri. Hapa kambini akinenepa anaiba, akikonda ana ugonjwa. Sasa mama afanye nini?

Tulimpeleka kituo cha afya. Muuguzi alimpima presha na sukari, akampa maji, halafu akamuuliza damu ya mwezi imekatika lini. Mimi nilitaka kutoka nje kwa aibu, akaniambia nibaki nisikilize. Alieleza kwamba mwanamke akikaribia miaka 50 mwili hubadilika. Misuli hupungua, na mafuta yaliyokuwa yanakaa mapajani huanza kukaa tumboni. Hiyo si ulafi. Na kushinda njaa hakusaidii, kwa sababu anayeshinda njaa mchana hula sana usiku.

Hapo mama alicheka, maana ndivyo alivyokuwa anafanya. Wengi wenu mnafanya hivyo pia. Mnapakulia baba, mnapakulia watoto, ninyi mnabaki jikoni. Baadaye mnakwangua sufuria mkiwa mmesimama, bugali uliobaki na mafuta ya chini, gizani, bila kujua mmekula kiasi gani. Mboga na maharage vilikwisha zamani.

Siku hizi mama anajipakulia sahani yake mapema na kuketi na watoto. Maharage na lengalenga vinakuwa vingi, bugali unapungua kidogo. Sukari kwenye chai ameipunguza polepole, si kwa siku moja. Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja kidogo, na humo ihesabiwe hata chumvi iliyomo kwenye ndagala. Hilo la chumvi lilimshinda mwezi mzima, nisiwadanganye.

Najua kuna wiki ambazo posho inakwisha kabla ya siku yake, na hakuna cha kuchagua. Wiki hizo hakuna anayewadai mboga. Ninachoomba ni kwamba kile kidogo kilichopo, mama naye apate sehemu yake kikiwa bado cha moto.

Tena, mama akikonda haraka bila kutaka, ana kiu isiyokwisha na anakwenda kukojoa mara nyingi, asingoje. Aende kituo cha afya kupimwa sukari. Kichwa kikiuma sana au macho yakiona ukungu, apimwe presha. Presha inaweza kupanda bila dalili yoyote, kwa hiyo hata anayejisikia mzima apimwe.

Mama bado ana tumbo lake. Amejitafutia kikwembe kipana zaidi. Juzi jioni nilimpigia simu, akaniambia nipige baadaye: bugali ulikuwa umeshapakuliwa, na wajukuu hawana huruma.

(Muziki unapanda.)